Kifuniko cha Ndege ya Kapteni

Saandia alikuwa fundi wa kurudishia weusi. Buibui likishapauka kwa jua na jasho mpaka rangi yake ikawa ya majivu, wanawake wa Moroni walimpelekea, naye akalichemsha katika sufuria kubwa nyuma ya nyumba yake mtaani Badjanani, likatoka jeusi mpaka mwenyewe akaapa si lake. Alikuwa mzaliwa wa Mutsamudu, kisiwani Nzuani, na wateja walipenda kumcheka kwa matamshi yake ya Kinzuani. Hakukosa jibu. "Ni kweli, nyinyi mnasema vizuri," aliwaambia. "Ila nguo ndizo zinazowapauka."

Saa hakuwa nayo wala hakuitaka. Kazi aliipima kwa Kurani: pamba ilikaa majini Yasini moja, hariri ilikaa Tabaraka, na nguo ya bei rahisi aliisomea Kulhuwallahu chache tu, akiitoa kabla haijageuka tambara.

Mwaka ule, wa saba tangu mamluki wa Kizungu washike nchi, mzaha ulimpungua. Mdogo wake wa mwisho, Housseini, mwalimu wa hesabu, alichukuliwa kwa ajili ya karatasi zilizobandikwa ukutani kuwasema wazungu wale. Mwezi wa tatu sasa. Kila adhuhuri Saandia alipeleka bakuli la wali langoni mwa kambi. Kila jioni akarudishiwa bakuli tupu. Nani aliyekula, hakuambiwa. Kama Housseini yu hai, hakuambiwa pia.

Siku moja baada ya sala ya alasiri akaja Mdahoma, mpishi wa kapteni mmoja wa mamluki, mtu wa Ikoni mwenye tumbo la kazi yake. Kwapani alibeba kitu kilichofungwa kwa taulo. Akakifungua kama mtu anayefungua kitoto kichanga. Kilikuwa kipande cha plastiki nyembamba, angavu, kimebinuka kama nusu ya yai refu.

"Hiki nini?"

"Kifuniko cha kiti cha rubani. Cha ndege ya Kapteni, Bweni Saandia," alijibu, akimwita bibi kwa heshima ya kwao. "Ndege ya mchezo, ameiunda mwenyewe. Ina mabawa mapana kuliko mikono yangu hii, na inaruka peke yake. Yeye anasimama chini na kisanduku chenye waya, anaiamuru."

"Na mimi nimeshakuwa fundi wa ndege tangu lini?"

"Tatizo ni hili: kifuniko kinaonyesha ndani. Mtu akichungulia anaona betri na nyaya, rubani hayumo. Wenzake wanamcheka. Anakitaka cheusi kama miwani yake ya jua. Nimemwambia yupo mwanamke hapa mjini anayeweza kutia weusi hata maziwa."

"Ungemwambia pia nina ndugu kambini kwake."

Mdahoma aliangalia viatu vyake. "Hilo utalisema wewe. Akipendezwa na kazi, ana desturi ya kuuliza mtu anataka nini. Mimi nilimpikia pweza, akaniuliza, nikataka baiskeli. Unaiona pale mlangoni."

"Kikiharibika?"

"Kingine mpaka kitoke Ufaransa. Usikiharibu, dada yangu."

Aliondoka na baiskeli yake ya pweza. Saandia akabaki na kipande kile mkononi, chepesi kama ganda la kitunguu.

Hakuwahi kutia rangi plastiki. Jirani yake Faouzia, mshona nguo, akaleta chupa tupu ya maji ya Kizungu, wakaikata vipande vya kujaribia. Kipande cha kwanza Saandia alikitia kwenye rangi inayochemka, kama alivyotia nguo miaka ishirini. Kikajikunja, kikasinyaa, kikawa kama sikio la mbuzi. Wakacheka mpaka Faouzia akakaa chini. Kisha wakakumbuka kile cha Kapteni, kicheko kikakatika.

Cha pili walikitia katika maji ambayo kidole huyavumilia. Hakikujikunja, lakini rangi ilikiteleza kama mvua juu ya jani la mgomba.

"Plastiki inajiona," alisema Faouzia. Akafikiri, akaenda kwake, akarudi na kichupa cha dawa ya kufutia rangi ya kucha alicholetewa na dada yake wa Marseille. Wakamimina robo ya bilauri ndani ya maji ya uvuguvugu yenye rangi. Safari hii rangi iliuma. Kulhuwallahu kumi na mbili zilitoa rangi ya chai. Thelathini zilitoa giza safi, lisilo na doa, na plastiki ikabaki na umbo lake.

Ndipo akakichukua kifuniko chenyewe. Alikiosha kwa sabuni, akakikausha, akakishika pembeni kwa vidole viwili, akakizamisha. Akaanza kusoma. Kwenye ya ishirini na kitu akamwona Housseini bado mdogo, amekaa juu ya ngazi ya mawe Mutsamudu akimfundisha mama yao kujumlisha kwa punje za zabibu kavu, na mama yao akizila hesabu zote. Ulimi ukasita. Ishirini na ngapi? Hakujua. Akasoma tano za kuongezea, akakitoa.

Kilikuwa kizuri. Cheusi kama miwani, kinang'aa, mkunjo hakuna. Isipokuwa karibu na ukingo, pale alipokishika: duara dogo lisilo na rangi, ukubwa wa punje ya harage, na ndani yake mistari ya kidole chake cha gumba.

Mafuta ya nazi. Kila asubuhi alijipaka mikononi ili rangi isiingie kwenye nyufa za ngozi. Nguo haikujali, maana maji ya moto huyayeyusha mafuta yote. Maji ya uvuguvugu yaliyaacha yakae.

"Kizamishe tena," alisema Faouzia.

"Kitaingia ukungu, na duara litabaki. Basi."

Kesho yake Mdahoma alimwingiza kambini. Ndege ilikuwa juu ya meza uani, nyekundu, nzuri kweli, hilo Saandia hakuweza kulikataa. Kapteni, mtu mrefu wa shingo nyekundu, alikipachika kifuniko mahali pake, akarudi nyuma hatua mbili, akatabasamu. Kisha akainama. Tabasamu likamtoka. Akaweka ukucha kwenye duara lile, akasema neno fupi.

"Anauliza hii ni nini," alisema Mdahoma, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeiaga baiskeli.

Saandia aliisogelea meza. Ulimi wake ulikuwa umezoea kuwajibu wanaocheka.

"Mwambie ni rubani. Amechungulia dirishani apate kumjua anayemwendesha."

"Bweni, siwezi kusema hivyo."

"Sema."

Mdahoma akasema. Kapteni aliinama tena, akalichungulia duara kwa karibu. Halafu akacheka, akawaita wenzake, akawaonyesha duara, nao wakacheka. Akauliza swali lililotarajiwa.

"Ndugu yangu. Housseini wa Houmadi, mwalimu."

Kicheko kiliisha kama maji ya bomba lililofungwa. Kapteni alimtazama yeye, akaitazama ndege. Akainua kidole kimoja, akakiacha hewani mpaka alipoona Saandia ameelewa. Mmoja. Jina akaliandika juu ya pakiti ya sigara. Masharti akayatamka Mdahoma: Housseini arudi kwao Mutsamudu, Moroni asionekane, na aliyoyaona asiyasimulie.

Siku nne baadaye, wakiwa wamevuka bahari, Housseini alipanda ngazi za Mutsamudu, dada yake akimshika kiwiko. Mama yao, Moinahalima, alimpapasa uso, akampapasa mbavu, akasema, "Wamenirudishia nusu," kisha akalia kwa furaha, na majirani wakaanza kupanga maulidi ya shukrani.

Housseini hakutaka maulidi. Alikula vijiko vitatu, akaweka sahani chini. Siku ya tatu alimwita Saandia chumbani.

"Dada, ulitoa nini?"

"Nilitia weusi kitu cha kuchezea."

"Tu?"

"Tu."

Alitikisa kichwa polepole. "Walipokuja kuniita, nilikuwa nimemshika Djaffar kichwa nimnyweshe maji. Mtu wa Vouvouni. Ana homa, siku ya tisa hasimami. Aliniuliza, wanaita nani? Nikamwambia, mimi. Akasema, nenda." Akamtazama dada yake usoni. "Kwa nini hukumtaja na yeye?"

"Sikumjua, Housseini! Na kidole kilikuwa kimoja."

"Najua. Sikulaumu, dada." Lakini uso aliugeuzia ukutani, na sahani ya mama yake ilipoa pale pale.

Maulidi hayakufanyika, na Saandia akarudi Moroni. Hakwenda kwake. Alipanda teksi ya Ikoni, akashuka, akaendelea kwa miguu mpaka Vouvouni, akaulizia nyumba ya kina Djaffar. Njiani alikumbuka sharti la kutosimulia. Alijiambia sharti lilikuwa la Housseini, lake halikutamkwa; akajua anajidanganya, akaendelea kutembea.

Mama yake Djaffar, Echat, alikuwa kibarazani anafunika bakuli la wali kwa kitambaa, tayari kwa safari ya lango. Saandia alimsalimu, akakaa, akamweleza yote: homa, siku tisa, maji, na kwamba, kwa alivyosema Housseini, bakuli lile Djaffar halioni. Hakupunguza kitu. Echat alisikiliza bila kulia, mkono umeshikilia kitambaa.

"Lakini yu hai."

"Siku ile alikuwa hai, mama."

"Na wako ulimtoaje?"

Saandia akaeleza: kifuniko, rangi, mpishi, kidole kimoja. Echat alisimama, akaingia ndani, akatoka na kikapu. Ndani mlikuwa na kofia nyeupe iliyoanzwa kudariziwa, matundu yake madogo kama mayai ya samaki, kazi ya miezi, na hata robo haijafika.

"Mimi najua hii tu," alisema. Akachomoa sindano, akaitia uzi bila kuangalia. "Wewe umemwona huyo mzungu. Kichwa chake kikubwa kiasi gani?"

Saandia aliinua mikono, akaiweka hewani mmoja huku na mmoja huku, ili mama wa watu apate kipimo cha kweli.