Nadhiri Iliyongoja Kinywa cha Baba

Usingizi unanichukua alasiri ya Sabato, nikiwa nimejilaza kwenye kochi la sebuleni kwa desturi ya nyumba yetu, na kabla haujanichukua kabisa ninajua kwamba kuna neno ambalo sijalisema. Binti yangu Tirsa amelianzisha mezani, mama yake alipokuwa akigawa viazi tulivyopika jana kabla Sabato haijaingia. Amesema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba asogezewe chumvi, kwamba siku ile mama alipoingizwa chumba cha upasuaji alimwekea Mungu nadhiri: mama akitoka hai, yeye hataolewa, wala hatakwenda kwenye chuo cha uuguzi kilichokwisha kumpokea, bali atakaa katika nyumba hii akimtumikia mama mpaka kifo kiwatenganishe. Mama ametoka hai. Ndiye aliyekuwa ameshika mwiko. Dorkasi, mke wangu, ameuweka mwiko chini akanitazama. Nami nilikuwa ninatafuna. Mimi ni mwalimu wa Torati katika kusanyiko letu la waaminio wa Yeshua Masihi, nimesomea chuoni, na wanafunzi wangu nimewazoeza kutolijibu jambo kabla halijapoa. Basi nikatafuna, nikameza, nikasema tutazungumza. Baba Tirsa hata chumvi huitafakari, akasema Dorkasi, na Tirsa akacheka, nami nikaja kujilaza. Sasa macho yanafumba, na ndipo ninapoikumbuka amri ninayoifafanua mimi mwenyewe kila mwaka tufikapo kwenye nadhiri katika kitabu cha Hesabu: msichana aliye bado nyumbani mwa baba yake akijifunga kwa neno, baba akasikia na kulikataa siku ileile, neno limetanguka na Bwana humsamehe binti, lakini baba akisikia akanyamaza, kimya chake ni muhuri. Na siku kwetu haingoji usiku wa manane ndipo iishe. Siku huisha jua linapotua. Ninataka kuinuka. Mwili hauinuki, ninayeinuka ni mimi.

Ninakivuka kizingiti, chini ya maneno ya Torati tuliyoyapigilia kwenye mwimo wa mlango, nikitarajia kukuta ua wetu na kamba ya nguo, na badala yake ninakuta barabara. Ninageuka nirudi, na nyuma ya mlango kuna barabara ileile, ikiondoka kwenda upande wa pili kwa mwendo uleule. Jua limening'inia chini, jekundu, na nikilitazama linashuka, na nisipolitazama linashuka vilevile, kwa hiyo ninaacha kulitazama na kuanza kutembea. Barabara inajipinda, inarudi, inapita mahali nilipokwisha kupita ingawa sasa mahali hapo pana mawe pasipokuwa na mawe, na kando ya mawe amesimama mtu aliyejitanda utaji usoni, utaji mzito usioinuliwa na pua wala kuchezeshwa na pumzi. Shikamoo, ninamwambia, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu hata mahali pasipo na utaratibu. Marahaba, mwalimu, anajibu. Unamtafuta binti au unaitafuta sheria? Ninamtafuta binti. Basi pitia kwenye sheria. Na kama ningeitafuta sheria? Ungepitia kwa binti. Ninamwambia kwa heshima kwamba sina nafasi ya vitendawili, jua linatua na nina neno la kusema masikioni mwa mwanangu. Jua halikukimbii, ananiambia; ni wewe uliyeketi kutafuna. Kisha anatangulia, nami ninamfuata, maana hata aliyenidhihaki anakwenda kule ninakotaka kwenda.

Tunaingia katika mji uliojengwa bondeni kati ya milima miwili, na mlima mmoja ni sura ya mwingine kama uso na kioo: nyumba kwa nyumba, ngazi kwa ngazi, mwanamke anayeanika unga huku na mwanamke yuleyule akianika unga kule. Tofauti ni moja tu, kwamba mlima huu ni wa kijani na ule ni mkavu, na ninajua niko wapi, kwa maana nimeichora milima hii ubaoni mara nyingi, Gerizimu wa baraka na Ebali wa laana, na makabila yamegawanywa yaitikie. Sikuwahi kuwachora watu wake wakiwa na nyuso zilezile. Sauti inatamka baraka, na huku wanaitikia, Amina; inatamka laana, na kule watu walewale wanaitikia, Amina, bila kuinua sauti na bila kuipunguza. Mwanamke wa Ebali ananiona ninavyoharakisha katikati. Mwalimu, ananiita kutoka juu, mbona wewe huitikii? Kwenu amina husemwa kwa kutafuna? Mwenzake wa Gerizimu, ambaye ni yeye mwenyewe, anacheka na kusema, Mwache, mama, bado anatafakari kama ana kinywa. Ninawaitikia Amina, kwanza kulia, kisha kushoto, na kinywa changu kinashangaa kwamba neno ni lilelile na uzito ni uleule. Mmefanya agano au mmeapizwa? ninawauliza. Na wewe umeoa au umefungwa? ananiuliza wa Ebali, na bonde zima linacheka, hata mimi, ingawa sijaacha kutembea.

Katikati ya bonde yamesimamishwa mawe makubwa yaliyopakwa chokaa, na juu ya chokaa yameandikwa maneno yote ya Torati kwa hati iliyo wazi, na mbele ya mawe yupo bwana mmoja mchangamfu mwenye ndoo na brashi, anayapaka chokaa mpya juu ya maandishi. Karibu, ndugu yangu, ananiambia kabla sijafika, nimesikia habari ya binti yako, pole sana. Anazungumza kwa upole wa kweli, hilo siwezi kumnyima. Lile jiwe lenye sheria ya nadhiri ni lile pale, anasema; ninalifikia sasa hivi. Nikipitisha brashi mara moja hakuna nadhiri, hakuna siku ya kusikia, hakuna baba wa kuulizwa. Masihi amekwisha kuja, mwalimu wangu. Rudi ukalale. Ninasimama mbele ya jiwe, na ninakiri kwamba mkono wangu unaitaka ile brashi. Ninamwona Tirsa akizeeka katika chumba cha nyuma, akimpimia mama yake dawa, huku wenzake wakija kumtembelea na watoto mgongoni. Ninaishika brashi. Halafu, kwa mazoea ya kazi, ninasoma ninachotaka kukifuta. Linasomeka kama lilivyosomeka siku zote: neno lililomtoka mtu ni deni juu yake, na chini yake, kwa hati ileile, kwenye jiwe lilelile, baba anaweza kulikataa siku anaposikia. Ninasoma tena. Ninamrudishia brashi. Ndugu, ninamwambia, ukiifuta kufuli umeufuta na ufunguo, maana vimeandikwa mahali pamoja. Kama hakuna sheria inayomfunga, basi hakuna sheria inayonipa mimi kinywa cha kumfungua; atabaki na neno lake alilomwambia Mungu, peke yake, na yeye si msichana wa kulisahau. Masihi alikuja akaitimiza, hakuja na ndoo. Bwana mchangamfu ananitazama kwa huruma. Utachelewa, anasema. Ninajua, ninamwambia, na ninaondoka nikikimbia, na vishada vya pindo la vazi langu vinanipiga miguuni kama mtu anayeswaga mnyama mzito.

Barabara inanirudisha bondeni ninapotaka kutoka, inanitoa ninapokata tamaa, inanipitisha chini ya malango ambayo kila moja ni mwimo wa mlango wa nyumba yangu, na mwenye utaji yu mbele daima, mwendo wa jiwe lililotupwa. Hatimaye ninafika kwenye chumba kisicho na mlango. Kuta zake ni za mawe madogo, na ninapokaribia ninaona kwamba kila jiwe ni neno, hataolewa, hatakwenda, atakaa, mama, mpaka, yamepangwa kwa ustadi, na kutoka ndani ninasikia jiwe jingine likiwekwa. Tirsa, ninaita. Baba, anajibu, sauti yake karibu kabisa, usisukume, bado hazijakauka. Mwanangu, nimekuja kuitangua nadhiri yako. Nani amekuambia ninataka itanguliwe? anasema. Niliomba, nikapewa. Mama anatembea. Sasa nimwambie Mungu nilikuwa ninatania? Ninamwambia hakuwa anatania. Alisema akiwa chini ya mkono wa baba yake, na sheria yenyewe inajua kwamba msichana aliyesimama kwenye korido ya hospitali aweza kuahidi zaidi ya anachomiliki, ndiyo maana ikaweka mtu wa kusikia pamoja naye. Uliposikia ulisema tutazungumza, anasema Tirsa. Ndiyo. Nilisubiri, baba. Nilikaa kwenye kile kiti mpaka chai ikapoa. Niliona umenyamaza, nikajua Mungu amekubali. Na hapo ndipo ninapoelewa kwamba hakulitaja neno lile mezani ili kutujulisha. Alilileta kwangu kama alivyokuwa akileta hesabu zake alipokuwa mdogo, akiwa ameficha mikono mgongoni, akingoja nimwambie kama amekosea.

Ninafungua kinywa niseme, na jua linatua. Linatua palepale, bila kusitasita, kama mlango unaofungwa na mtu mstaarabu, na nchi yote inakuwa rangi ya majivu. Mwenye utaji anasimama kati yangu na ukuta. Siku imeisha, mwalimu. Wewe ndiye unayefundisha: baba aliyenyamaza hana neno tena. Ninalifundisha, ninamwambia. Basi rudi. Sirudi. Siwezi kusema kwamba ni ujasiri. Ni kwamba nimeisoma sura ile mpaka mwisho, na mwisho wake haujatajwa. Kuna mstari mwingine, ninamwambia. Kuna anayetangua akiwa amechelewa. Mwenye utaji anainamisha kichwa kana kwamba alikuwa anaungoja. Upo, anasema, na anayetangua baada ya siku hupata nini? Huuchukua uovu wa aliyeapa. Nitauchukua, ninasema. Soma vizuri, anasema kwa sauti ya mkaguzi wa shule. Mstari huo ni wa nani? Ninasoma kwa moyo. Ni wa mume. Ni wa mume, anasema, si wa baba. Na Tirsa hana mume, ninasema. Israeli naye alidhani hivyo, anajibu mwenye utaji. Nabii alisemaje juu ya agano walilolivunja? Kwamba Mungu alikuwa mume kwao, ninajibu polepole, na ya kuwa atafanya nao agano jipya, naye ataandika. Ataandika nini? Torati yake. Ileile? Ileile. Juu ya nini? Juu ya mioyo yao. Basi nitegulie kitendawili mwenyewe, mwalimu, anasema, mimi nimechoka: ni mume gani aliyenyamaza mbele ya waamuzi wake, akaliacha jua litue juu yake, akachelewa mpaka kaburi likafungwa, kisha ndipo akatangua? Ninamjua, ninasema. Aliuchukua, ninasema. Alikuwa na haki ya kutangua kwa kuchelewa kwa sababu alikuwa tayari kulipa bei iliyoandikwa, wala hakuifuta bei. Mwenye utaji anasogea kando. Basi usiseme kwa kinywa chako, anasema; sema kwa chake.

Ninaweka kiganja ukutani na kusema. Tirsa, nadhiri hii ninaikataa, si kwa siku yangu, ambayo nimeipoteza, bali katika jina la Bwana arusi aliyeuchukua uovu wa aliyeapa. Hakuna kinachoanguka. Ila maneno yanaanza kuhama kutoka kwenye mawe, moja baada ya jingine, yakiingia ndani kama pumzi inavyovutwa, na mawe yanabaki matupu, na penye mawe matupu panapita mwanga. Tirsa anachungulia. Sasa mama nitamtumikia au sitamtumikia? anauliza, maana yeye ni binti wa mwalimu na anapenda jambo limalizwe. Utamtumikia, ninamwambia, waheshimu baba yako na mama yako, amri hiyo ilikutangulia kuzaliwa. Lakini utatoka, utajifunza uuguzi, utarudi likizo, na mama yako atalalamika kwamba umekonda. Anacheka kile kicheko cha mezani, na mwanga unaniingia machoni mpaka sioni kitu.

Niko kwenye kochi. Pazia ni jekundu, na sijui kama ni wekundu wa jua linalokwenda au wa lililokwisha kwenda, na shingo inaniuma, na mlangoni amesimama Tirsa akiwa ameshika bilauri ya maji. Mwanga uko nyuma yake, uso wake siuoni. Jua limetua? ninamuuliza. Anageuka kutazama dirishani, kisha anasema, Baba, kule ulisema siku yako umekwisha kuipoteza. Kule wapi? ninauliza. Ananyoosha bilauri, na mkono wake una vumbi la chokaa, au la unga, sijui, leo ni Sabato na hatujapika. Ninaweza kuuliza zaidi. Ninaweza kusema tutazungumza. Ninaketi sawasawa, ninaweka miguu chini, na ninalisema tena neno lote, tangu mwanzo, kwa jina lile, kwa sauti inayofika jikoni ambako Dorkasi ameacha kugonganisha vyombo, ili Tirsa alisikie katika siku yoyote ile tuliyomo.