Kiongozi wa Ukingoni

Wateja walimwita Mama Pindo, kwa kuwa pindo alilolikunja yeye halikufumuka hata nguo yenyewe ikichakaa. Asubuhi hiyo alikuwa ameiacha cherehani yake chini ya kitambaa, akavaa viatu vya kuazima na soksi mbili mbili, akaenda kupanda mlima. Hakwenda kwa kupenda milima. Alikwenda kumtoa huko binti yake.

Binti huyo, kitindamimba wake, alikuwa kiongozi wa wapanda mlima. Kila aliporudi nyumbani alikuwa na ngozi iliyoungua kwa jua na matope tele kwenye suruali, na mama yake alikuwa akiguna tu. Sasa shemeji, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa amemtafutia msichana kazi ya ofisini kwa rafiki yake: kiti cha kuzunguka, feni juu ya kichwa. Binti alipowaalika waje waione njia yake, wale wawili waliona Mungu amewafungulia mlango.

"Tutamwambia tukifika juu," shemeji alinong'ona langoni pa hifadhi. "Mtu mwenye furaha hakatai kitu."

Shemeji alikuwa mwalimu wa udereva, mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini. Mlima aliutazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyesahau kufunga mkanda.

Walikuwa pamoja na maharusi wawili waliolipia safari hiyo, wasioachana mikono. Kiongozi aliwakagua wote viatu. Alipofika kwa mama yake alipiga magoti, akazifungua kamba, akazifunga upya.

"Mama, kuanzia hapa mimi si mtoto. Nikisema simama, unasimama. Sawa?"

"Haya, mkubwa," Mama Pindo alijibu, akataka kucheka. Lakini uso wa binti yake haukuwa na mzaha.

Wakaingia msituni. Miti ilikuwa imevaa ukoga wa kijani hadi matawini, na majani ya kangaga yamefunika ardhi hata njia ikaonekana kama uzi uliopotelea kwenye zulia. Juu yao mbega waliruka, mikia myeupe ikipepea. Ardhi ilinuka mvua ya jana. Mama Pindo, aliyezoea kukaa kutwa nzima akikanyaga pedali, alianza kuhema mapema. Kila pumzi ilipomkatika, kiongozi alisimama.

"Tazameni mti huu," alisema. Akawaeleza ndege gani anakula matunda yake, na kwa nini shina lake limejikunja. Wakaendelea. Pumzi ikakatika tena. Tena pakawa na kitu cha kutazamwa: jiwe, uyoga, nyayo za mnyama. Kwenye mianzi ndipo Mama Pindo alipong'amua. Mtoto hakuwa akionyesha miti. Alikuwa akimsikiliza mama yake anavyopumua, huku amempa kisogo, akimpumzisha bila kumwaibisha mbele za watu. Mama mtu akayatazama yale mabega yaliyomtangulia kana kwamba anayaona mara ya kwanza.

Walipotoka msituni ukungu ulikuwa umelala juu ya ukingo wa kasoko, lile shimo kubwa la volkeno. Kiongozi akawaambia waende mmoja mmoja, taratibu, wasitoke njiani. Shemeji, asiyeona mbele zaidi ya mgongo wa bwana harusi, alikuwa akitamba.

"Ndio huu mlima unaotutisha? Barabara ya kwetu ina mashimo mengi kuliko huku!"

Hapo upepo ukavuma, ukaubeba ukungu wote mara moja, kama mtu aliyevuta shuka kitandani. Kulia, mteremko mrefu hadi msituni. Kushoto, ukuta wa mawe mekundu ukishuka, ukishuka, hadi chini kabisa kulikokuwa na ziwa dogo la kijani na moshi mwembamba wa mvuke. Na katikati, njia ya upana wa meza ya kukatia nguo.

Shemeji akatazama kushoto. Kisha akashuka chini kwa magoti na viganja, vidole vimeng'ang'ania mawe.

"Siwezi," alisema, kwa sauti ambayo Mama Pindo hakuwahi kuisikia kwake. "Jamani, siwezi. Mbele siwezi, nyuma siwezi."

Bwana harusi akatoa simu, tabasamu limeshaanza.

"Weka simu mfukoni." Kiongozi hakupaza sauti, lakini simu ilirudi mfukoni. "Kaeni chini nyote. Mama, kunywa maji."

Akarudi nyuma, akachuchumaa upande wa kushoto, mwili wake ukiwa kati ya baba yake mdogo na lile shimo.

"Baba mdogo, nitazame mimi. Vuta pumzi. Hata mimi mara ya kwanza nilikaa hapa hapa, nikalia."

"Ulilia?"

"Kamasi na machozi. Sasa niambie, mwanafunzi wako akiliogopa lori linalokuja, unamwambiaje?"

"Namwambia... asilitazame lori. Atazame njia yake."

"Basi, mwalimu. Njia yako ni visigino vyangu. Shika mkoba wangu, twende."

Shemeji akasimama. Akaushika mkoba kwa mikono miwili. Wakaenda hatua kwa hatua, msichana akimsemesha habari za magari na mitihani ya leseni, mpaka njia ikapanuka kuwa uwanja wa majani mafupi. Shemeji akajitupa chali, akacheka kama aliyefufuka. Bibi harusi alipiga makofi, na bwana harusi, kwa haya kidogo, akampa shemeji chungwa lake.

Kasoko yote ilikuwa mbele yao, duara kubwa lililotulia, mawingu yakipita chini ya miguu yao. Mama Pindo hakujua kama aitazame hiyo au amtazame mtoto wake, aliyekuwa akihesabu watu wake kwa macho.

"Shemeji," mwalimu alinong'ona, "lile neno letu?"

"Kile kiti, rafiki yako ampe mwingine."

"Alhamdulillahi. Maana mimi nisingeanza."

Kiongozi akaja, akaketi karibu na mama yake. "Mlikuwa mnasema nini?"

Mama Pindo akamshika bega, akalipapasa koti lake lililompwaya ubavuni na kumbana kwapani. "Nani aliyekushonea hili?"

"La dukani, mama."

"Mtu anabeba roho za watu, halafu anavaa la dukani!" Akamgeuza, akampima mgongo kwa shubiri, palepale mbele ya wageni, kwa fahari iliyomjaa hata macho yakalowa. "Simama wima, mkubwa. Nyoosha mikono."

Na kiongozi akasimama wima, akanyoosha mikono.