Siku Kumi za Ntibashima

Huko Muyama mtu mwenye adabu hamtukani jirani yake. Anafuga mbwa, anampa jina, kisha kila jioni anasimama mlangoni kumwita aje kula. Mbwa anapata ugali, jirani anapata ujumbe.

Mbwa wa Epifania aliitwa Ntibashima, yaani hawana shukrani. Ujumbe ulimlenga jirani yake, mzee Ildefonsi, katekista, aliyechukua machipukizi ya migomba kwa Epifania, akavuna mikungu mitatu minene, na wala hakurudi kusema ahsante. Mwaka mzima Epifania alimwita mbwa wake kwa sauti ya kupigia mbiu, na mwaka mzima Ildefonsi alijifanya kiziwi.

Lakini Ntibashima alikuwa na siri. Alikuwa na kifafa. Epifania alimwokota njiani angali kijibwa, akitapatapa kwenye vumbi huku watu wakimkwepa, maana wanasema ukikanyaga povu la kifafa, nawe unakipata. Harerimana, daktari wa ng'ombe aliyekimbia vita Burundi kama Epifania zamani, ila yeye akawa anaishi kambini, ndiye aliyemfundisha: nusu kidonge asubuhi, nusu jioni, vidonge vilevile vyeupe wanavyomeza watu. Epifania alivifuata Kasulu mjini kila mwezi, akarudi navyo vimefungwa kwenye pindo la kanga, na hakumwambia mtu.

Jumapili moja ya mwaka tisini na sita alichelewa kurudi kutoka mnadani. Mbwa akakosa dozi, akaanguka katikati ya njia, wakati ule ule watu wanatoka kanisani. Miguu ilirusha vumbi, povu likatoka. Na mwezi huo huo kulikuwa na mbwa mwenye kichaa aliyeuma watu wawili kijiji cha pili.

"Kichaa," alisema Ildefonsi, akirudi nyuma na kitabu chake cha nyimbo kifuani. "Aitwe mgambo aje na bunduki."

Epifania alifika anahema. Akisema kichaa, mbwa anapigwa risasi. Akisema kifafa, watoto wa kijiji kizima watamponda mawe kabla ya jioni.

"Amelamba sabuni yangu ya mche," akasema.

"Sabuni ndiyo inamchezesha miguu namna hii?"

"Ilikuwa nzima. Mpya kabisa."

Hakuna aliyemwamini. Kwa bahati nzuri, bwana mifugo Nurudini alikuwa mtu wa taratibu. Alisema mbwa anayeshukiwa afungwe siku kumi. Mwenye kichaa hazimalizi. Akimaliza, ni mzima, na kesi imekwisha. Akianguka tena, risasi.

"Afungwe wapi?" aliuliza.

"Kwangu," akasema Ildefonsi upesi. "Huyu mama tumwachie? Kesho atatuambia kalamba mafuta ya taa."

Kwa hiyo Ntibashima akafungwa chini ya mparachichi wa adui yake, na vidonge vikabaki upande wa pili wa uzio.

Jioni hiyo Epifania alikwenda na bakuli la ugali, nusu kidonge kimezama katikati. Ildefonsi akamzuia getini.

"Chakula chako hakiingii humu, jirani. Nitamlisha mwenyewe."

Epifania alirudi, akaketi jikoni, akafikiri. Ukimbizi ulimfundisha jambo moja: mlango wa mbele ukifungwa, usibishane na mlango. Asubuhi kabla ya jua kuchomoza akarudi na kikaratasi kilichokunjwa.

"Mzee Ildefonsi, sikulala. Na mimi naogopa. Ana kichaa au hana, nataka kujua mapema."

"Ehe."

"Hii ni dawa ya kupima. Nimeipata kwa daktari kambini. Nusu asubuhi, nusu jioni. Mbwa mwenye kichaa akiimeza, siku ya tatu chali. Mzima haimdhuru."

Ildefonsi alifungua kikaratasi, akavitazama vile vidonge vyeupe. Akavitazama muda mrefu kidogo.

"Chali kabisa?"

"Miguu juu. Lakini usizidishe nusu, kipimo kitaharibika. Na usipitilize saa."

"Mimi hugonga kengele ya kanisa, mama. Saa unanifundisha wewe?"

Epifania alirudi kwake anauma pindo la kanga asicheke. Katekista angemnywesha mbwa wake dawa kwa matumaini ya kumzika.

Siku ya tatu ikapita, mbwa yuko wima. Siku ya tano Epifania alisikia jambo la ajabu. Ildefonsi alihitaji kumwita mbwa aamke, na hakuna jina jingine mbwa alilolijua. Kwanza alijaribu "We!" Kisha akapiga mluzi. Mwishowe, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino, "Ntibashima." Wanawake waliokuwa wanatoka kisimani walisimama na ndoo zao kichwani, wakacheka hadi maji yakamwagika.

Siku ya saba Epifania aliegemea uzio, akachungulia. Mzee alikuwa amekaa chini, kichwa cha mbwa pajani, anakipachika kidonge ndani ya kipande cha ndizi mbivu. Akamfungua taya kwa pembeni, taratibu, akamsugua koo mpaka akameza. Epifania akashangaa. Namna ile ya kusugua koo, yeye mwenyewe alifundishwa na daktari.

Siku ya kumi Nurudini akaja na daftari, na nusu ya kijiji nyuma yake.

"Alianguka?"



"Hakuanguka," alisema Ildefonsi. "Kala, kalala, kabweka. Mzima kuliko wengi wenu mnaosinzia kwenye mahubiri."

Nurudini akaandika, akaenda zake, watu wakatawanyika kwa masikitiko ya wenye kukosa tamasha. Epifania akafungua kamba.

"Dawa yako ya kupima," alisema Ildefonsi, sasa wawili tu. "Mdogo wangu Niyitegeka aliimeza miaka kumi na mmoja."

Epifania akageuka, kamba mkononi.

"Ilipokwisha, akaangukia jiko. Watu walikuwepo. Waliogopa povu, hakuna aliyemtoa." Akakung'uta majani kwenye suruali. "Sikujua kifafa hushika na mbwa. Ila vidonge nilivijua nilipofungua kikaratasi tu."

"Na ukaniacha nikaeleza mpaka miguu juu?"

"Ulikuwa unadanganya vizuri. Ile ya sabuni ilinisikitisha, nikaona nikupe nafasi ya pili."

"Yewe, mzee. Basi nirudishie kikaratasi changu."

Ildefonsi alikitoa mfukoni. Akahesabu vidonge vilivyobaki, akampa nusu, nusu akarudisha mfukoni.

"Asubuhi ni yako. Jioni yangu. Wewe huenda mnadani ukasahau kama una mgonjwa nyumbani."

"Na wewe ukisahau?"

"Utajua tu. Siku ya saba uliuegemea uzio wangu ukichungulia, nao umelala chini. Uje uusimamishe."

Epifania akavuta kamba. Mbwa hakusogea; alikuwa anautazama mfuko wa katekista, kule kulikobaki ndizi.

"Saa moja jioni," alisema Ildefonsi. "Mlete mwenyewe. Na usinichelewee mgonjwa."