Sarafu ya Shangazi Masuda

Kazi yangu ni kukagua sarafu za kale za dhahabu, hasa zile za mwanzo kabisa za Marekani, na kuzipa daraja kati ya moja na sabini. Ofisi yangu ipo Bur Dubai, juu ya duka la vitambaa. Kila mteja akinipigia simu namwambia kabla hata salamu hazijaisha: usiioshe. Namwambia Mhindi, namwambia Mkenya, namwambia hata sheikh mzima. Wengine wananinunia, shauri yao.

Shangazi yangu Masuda sikumwambia.

Sarafu yake ni ya dola kumi, ya mwaka 1799. Aliachiwa na marehemu mumewe. Niliiona mara moja, nyumbani kwa mwanawe, mtaa wa Al Warqa, imeiva rangi kama asali iliyokaa. Nikamwambia hii haikosi daraja la hamsini na tano, na mnunuzi yupo: Yaqoub, asiyetaka ila sarafu ambazo hazijasuguliwa. Kwa bei yake Bi Masuda angeinunua tena nyumba ya mama yake iliyouzwa kule Kikwajuni, Unguja, akakae humo mpaka Mungu amchukue. Miaka thelathini na moja Dubai, hana ombi jingine. Mwenye nyumba wa sasa alishakubali kumngoja hadi mwisho wa mwezi.

Onyo lilinifika mdomoni. Lakini huyu ndiye aliyenilea. Mimi nani nimfundishe mtu mzima kushika dhahabu yake? Nikaaga.

Alhamisi akaja ofisini na buibui jipya, ananukia udi. Yaqoub ameshakaa. Akafungua kitambaa. Lahaula! Sarafu inawaka.

"Nimeiroweka ukwaju tangu jana," akasema, kafurahi kweli, "nikaisugua kwa mswaki na chumvi. Nisije nikakuaibisha mbele ya mgeni."

Ndivyo tufanyavyo kwetu. Kabla ya harusi mama zetu wote huosha dhahabu hivyo hivyo. Nilijua, wallahi nilijua.

Nikatia lenzi jichoni. Mikwaruzo myembamba imejaa upande hadi upande, na ile rangi ya miaka mia mbili khalas, imekwenda. Sarafu ya namna hiyo haipewi daraja. Yaqoub hununua kwa neno langu tu, na neno la uongo lilikuwa tayari ulimini.

"Imesuguliwa," nikasema.

Yaqoub akashukuru kwa adabu, akaondoka.

Nikamweleza shangazi kwamba itauzika kwingine, lakini kwa nusu ya bei, na nusu haitoshi nyumba. Akaichukua sarafu mezani.

"Ulijua kuwa haioshwi?"

"Nilijua."

"Na ulijua kuwa mimi nitaiosha?"

"Nilijua, shangazi. Niliona haya kukwambia."

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Akaifunga sarafu kitambaani, akanisogezea simu yake.

"Mpigie mwenye nyumba," akasema. "Mwambie asiningoje tena. Mimi naona haya."