Kibao cha Nane

Jumanne moja ya mwezi wa tisa, mwaka wa hamsini na tano, Fikirini alikaa kwenye kigoda barazani kwake, jirani na kijiji cha Mnyambe, akalaza kibao cha nane cha dimbila, ala ya vibao vya kugongwa, juu ya mapaja na kuanza kukikwangua tumbo kwa tezo. Vibao saba alikwisha kuvimaliza. Vilikuwa vimepangwa juu ya magogo mawili ya mgomba, kuanzia kidogo chenye sauti nyembamba kwenda kikubwa, na kila kimoja kilijibu kama kilivyotakiwa. Hiki cha nane ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote, na sauti yake ndiyo ingebeba zile nyingine. Bila hicho, dimbila si dimbila. Ni watu wawili wameketi wakitazamana na kugonga kuni.

Alikuwa na haraka. Mjukuu wake, mtoto wa binti yake Fatu, angetoka jandoni baada ya wiki sita, na Fatu alikuwa ametuma neno kwamba hataki dimbila ya kuazima kutoka Newala. Anataka ya baba yake.

Kibao chenyewe kilitokana na mninga uliokuwa umesimama chini ya mteremko, pembeni mwa chemchemi. Wanawake wa pale juu walichota maji kwenye chemchemi hiyo tangu enzi za bibi zao. Miaka miwili nyuma alikuja Bwana Cecil, mzungu wa maji, akaizungushia seng'enge, akatia kufuli, akafunga mashine ya kupandisha maji hadi kwenye nyumba ya wageni wa serikali, ambako mke wa mzungu mmoja alikuwa amepanda maua kabla hajahama. Ule mninga ulikatwa ili kutengeneza nguzo za uzio. Fikirini aliomba kipande kilichobaki, akakiweka uchagani juu ya jiko mwaka mmoja na nusu, mpaka moshi ukakifanya cheusi. Wanawake, wao, walianza kwenda bonde la pili, mwendo wa saa mbili kushuka na saa tatu kupanda.

Alipomaliza kukwangua alikiweka kibao mahali pake, akakigonga. Sauti ilitoka nzito na safi, ila ilikuwa juu ya mahali pake kwa kiasi cha unywele. Pamoja na sauti, kibao kilitoa maji kiasi cha kikombe kimoja, yakachuruzika ncha zote mbili na kulowesha magogo.

Fikirini alikifuta kwa shuka lake. Alisema mti huu haujakauka, akagonga mara ya pili, na maji yakatoka kama ya kwanza.

Mkewe, Stamili, alitoka jikoni kuona ni nani anayemwaga maji ovyo msimu huo wa ukame. Aliinama, akachovya kidole, akaonja.

"Ni maji ya chemchemi," alisema. Akarudi ndani, akaja na sufuria, akaitega chini ya ncha ya kibao. "Haya, gonga."

Fikirini alimwambia hana nafasi, anatafuta sauti. Stamili alimjibu kwamba atafute huku akigonga, kwani mambo hayo mawili hayagombani. Alivyogonga ndivyo sufuria ilivyojaa. Mchana ule walipika ugali bila mtu kwenda bondeni, na Fikirini alikula akiwa amenuna, kwa sababu unyevu ulikuwa umeingia kwenye kibao cha saba, na cha saba nacho kilikuwa kimeanza kuyumba.

Alasiri alikuja Mwanakombo, jirani yao, mwanamke mwenye sauti kubwa aliyekuwa akiongoza msafara wa wanawake kwenda bondeni. Alikuja na mtungi mmoja. Kesho yake walikuja wanawake kumi na wawili na madebe, wakajipanga foleni kuanzia barazani hadi kwenye mkorosho wa pili. Kila mmoja alimwamkia Fikirini vizuri, shikamoo baba, naye akaitikia marahaba, kisha wakamwomba asogee kidogo ili wapate nafasi ya kugonga.

Siku ya nne hakuweza kuvumilia. Kile kibao kilikuwa kikigongwa tangu alfajiri hadi magharibi, na kila kilipogongwa kilikuwa kinakosea. Mtu mwingine asingesikia. Yeye alisikia hata akiwa shambani, hata akiziba masikio kwa vidole. Ilikuwa kama kuishi na mtu anayelitamka jina lako vibaya mara elfu moja kwa siku. Wanawake walipokwenda kula, alichukua tezo akakikwangua tumbo kidogo sana, ili sauti ishuke. Akagonga. Sauti ilishuka, ikakaribia mahali pake. Maji yalitoka nusu kikombe.

Akakwangua tena, kidogo zaidi. Yakatoka matone.

Hapo Fikirini alielewa. Kibao kikifika kwenye sauti yake halisi, kitakauka kama vibao vingine. Alikaa na tezo mkononi. Ilibaki kukwangua mara moja tu, kiasi cha vumbi. Alikuwa bado anafikiri wakati Mwanakombo alipoingia, akaona vumbi la mninga sakafuni, akagonga kibao na kutazama yale matone. Hakugomba. Alinyoosha mkono, akachukua tezo kama mtu anayempokonya mtoto wembe, akaenda nalo kwake.

Jioni Stamili alimsihi arudishe kibao kilivyokuwa. Alimwambia goti lake la kushoto halina tena safari za bonde, na kwamba yeye Fikirini analijua goti hilo. Fikirini alilijua. Alitumia kisu cha jikoni, akapunguza mbao kwenye ncha mbili ili sauti ipande, na kile kikombe kikarudi. Kisha akaenda kukaa kwa Rajabu.

Rajabu ndiye aliyekuwa akipiga naye dimbila tangu ujana wao, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Fikirini alimweleza yote, naye Rajabu akauliza swali moja, kwamba kwa nini asichonge kibao kingine. Fikirini alimjibu kwamba mbao inataka kukauka msimu mzima, na zimebaki wiki tano. Tena yale magogo ya mgomba chini ya dimbila, kwa kunyweshwa hivyo kila siku, yalikuwa yameota mizizi na kutoa majani, na asubuhi ile alikuta vibao vyake vimenyanyuliwa upande mmoja. Rajabu alisema hiyo kweli ni kero.

Bwana Cecil alifika wiki ya tatu kwa Landrova, amevaa kaptula, na daftari mkononi. Alikuwa mtu mpole, aliyepiga kinanda kanisani kila Jumapili. Aliwasalimu wote, akaeleza kwamba mashine yake kule chini imekuwa ikivuta hewa tangu Jumanne ile, na kwamba amepima: maji yanayopungua kwenye chemchemi ni sawasawa na yanayotoka hapa. Kwa hiyo maji haya ni ya serikali. Hakumlaumu mtu. Aliambiwa na karani wake kwamba kibao kinatoa maji kwa sababu hakijapatanishwa sauti, na alikuja tu kuomba fundi akipatanishe.

Mwanakombo alitumwa kurudisha tezo. Alikwenda polepole na kurudi polepole zaidi. Wanawake walisimama na madebe yao matupu wakimtazama Fikirini, na Stamili naye alisimama mlangoni amejishika kiuno.

Wiki tatu Fikirini alikuwa ameota siku hii, tezo mkononi, amri ya kukitengeneza kibao, na hakuna wa kumzuia. Sasa imekuja, na imeletwa na mtu asiyehusika. Alihisi hasira ambayo hakujua aielekeze wapi.

Bwana Cecil alitoa mfukoni uma wa chuma wa kupimia sauti, wenye meno mawili, akaupiga kwenye goti na kuuinua. Ulilia, sauti moja nyembamba iliyonyooka.

"Ifikishe hapo," alisema. "Hiyo ndiyo sauti sahihi."

Fikirini alisikiliza. Sauti ya uma ilikuwa juu zaidi ya kibao, mahali fulani kati ya cha nane na cha saba, ambapo katika dimbila hapana kitu. Hapakuwahi kuwa na kitu. Ilikuwa kosa kubwa kuliko lile alilokuwa akiishi nalo. Angeweza kumweleza. Alimtazama Mwanakombo, akatazama goti la mkewe.

"Ndiyo, bwana," alisema.

Alikwangua ncha zote mbili kwa uangalifu wake wote, kwani hata kosa hakujua kulifanya ovyo. Kila baada ya kukwangua, Bwana Cecil alipiga uma gotini, akatikisa kichwa, na Fikirini akaendelea. Hatimaye uma na kibao vikalia kitu kimoja. Bwana Cecil alitabasamu, akamwambia ana sikio zuri sana. Akachukua kijiti, akagonga mwenyewe, na kibao kikatoa debe zima la maji, yakamwagika juu ya viatu vyake na kushuka ngazi za baraza hadi uani.

Alitazama viatu, akaandika kitu kwenye daftari, akaaga.

Kwa siku kumi na moja kila nyumba ilikuwa na maji. Wanawake walifua hata mashuka yaliyokuwa safi. Fikirini alihamia shambani, akarudi kulala tu.

Siku ya kumi na mbili barua ilikuja, na karani aliisoma barazani. Kibao kilikuwa kimeandikishwa kuwa chanzo cha maji. Baraza ya Fikirini ingezungushiwa seng'enge, bomba lingetandikwa hadi nyumba ya wageni wa serikali, na askari angewekwa wa kugonga. Wanakijiji wangeruhusiwa kuchota Jumatatu, saa moja hadi saa tatu asubuhi.

Mwanakombo aliuliza kuhusu chemchemi. Kama maji ya serikali sasa yanatoka hapa, basi kule chini wafungue.

Karani aligeuza barua, akasoma nyuma. Alisema suala hilo limeshajibiwa. Chemchemi sasa ni kavu, hivyo kuifungua hakuna faida, na uzio ule bado ni mzima.

Vijana walitoka jandoni siku iliyopangwa. Fatu alikuja amevaa khanga mpya, na wanawake walipiga vigelegele. Fikirini na Rajabu walipiga dimbila ya vibao saba juu ya magogo mapya. Walipiga vizuri, na watu walicheza. Lakini kila wimbo ulipofika mahali pa kutua, mkono wa Rajabu uliteremka kwa mazoea ya miaka thelathini na kugonga gogo tupu. Fatu alisikia. Alimletea baba yake sahani ya wali na kuku, akakaa karibu naye mpaka amalize.

Askari alikuwa kijana wa Masasi aitwaye Shamte, mwenye adabu, aliyemwamkia Fikirini kila asubuhi kupitia waya. Alikigonga kibao kama mtu anayepigilia msumari, mkono umekakamaa hadi begani, na kijiti kikibaki pale pale juu ya mbao. Sauti tayari ilikuwa na kosa, na sasa ilikufa kabla haijatoka. Fikirini alistahimili siku nne. Siku ya tano aliomba ruhusa ya kuingia barazani kwake, akapewa.

"Legeza mkono," alimwambia. "Ukishagonga, kiache kijiti kiruke chenyewe. Usikibane."

Shamte alijaribu. Mara ya tatu alipata. Kibao kililia wazi, na maji yakaenda bombani kwa mkupuo mmoja mwema.

Stamili alikuwa amefika kutoka bonde la pili, debe kichwani, mguu wa kushoto akiuburuta. Alisimama nje ya uzio, akatazama mafunzo yote.

"Umemfundisha?" aliuliza.

"Alikuwa anakiumiza, Mama Fatu."

Stamili aliomba apokewe debe, lakini waya ulikuwa katikati yao na mlango wa uzio uko upande wa pili, kwa hiyo alilitua mwenyewe. Ndani, Shamte aliuliza afuate mdundo gani, maana siku ni ndefu. Fikirini alikaa kwenye kigoda, akamwonyesha.