Nane au Kumi na Sita

...nane au kumi na sita, anasema muuzaji, na mimi nimekwama hapohapo kwenye nane, kumi na sita sijaifikia, ananitazama kwa upole wa mtu aliyeshiba, mfuko wa shati umejaa bisibisi ndogondogo, mikononi ana vibao viwili vya kijani, vyembamba, urefu wa kidole, hiki nane, hiki kumi na sita, dada zangu, kumbukumbu tuweke ipi, na kwa macho vinafanana kabisa, huwezi kujua kipi kinakumbuka zaidi... kumbukumbu, kumbe inauzwa dukani, imefungwa kwenye plastiki kama peremende, ukitaka zaidi unaongezewa, na mimi miaka yote hii naihangaikia ya bure. Dada yangu amesimama kuliani kwangu, mkoba kifuani, ananinong'oneza, mwambie nane, nane inatosha, sisi tunachora nembo za masweta ya shule, hatuendi mwezini, na akisema inatosha anaisema kwa ile sauti yake ya kazini, maana alikaa dirisha la mapokezi hospitalini mpaka nywele zikaanza mvi, jina, umri, kaa pale, mwingine, nyumbani tunamwita Bi Mapokezi, na sasa ameiacha kazi ile ili tufungue hii ya kwetu, yeye ashone, mimi nichore, mashine ya tarizi tayari iko sebuleni kwake imefunikwa shuka, inasubiri kompyuta, na kompyuta inamsubiri mtu mmoja aseme namba, na mtu huyo ni mimi, na mimi ndani ya pochi nimekuja na hapana yangu niliyoiandaa tangu juzi, nitasema macho yangu yamechoka, daktari amenikataza vioo vinavyong'aa, nirudi kwangu kwa basi la jioni, tubaki ndugu wa kusalimiana kwa simu. Maana kukaa chumba kimoja na mtu kila siku, goti kwa goti, mashine inalia katikati yenu, si mchezo, kama una jambo naye litatoka tu, la kuvunda halina ubani. Na mimi nina jambo naye. Jambo lenyewe linaitwa nane.

Lakini hebu, nina swali, naliuliza kwa sauti kabla sijajizuia, hiyo kumbukumbu inakaa wapi hasa, yaani nikichora nembo leo, inaingia humo kwenye kibao? Muuzaji anafurahi, nadhani hakuna anayemuulizaga, anaweka vibao juu ya kioo cha kaunta, anasema hapana dada, kazi yako unaihifadhi kwenye diski, diski ni kabati, hii ni meza, unapofanya kazi unatoa vitu kabatini unavitandaza mezani, meza ikiwa ndogo unafungua kitu kimoja, viwili, ukifungua cha tatu mashine inaganda, inakutumbulia macho, na ukizima kompyuta, meza inafagiwa, haibaki hata chembe... haibaki? Haibaki, anasema, umeme ukikatika kila kilichokuwa mezani kimekwenda, na ajabu ni kwamba watu ndicho wanachokiita kumbukumbu, anacheka, kumbukumbu isiyokumbuka. Dada naye anacheka, kile kicheko chake cha puani, anasema kumbe ni kama huyu mdogo wangu, akilala tu kesho hajui kitu, na mimi natabasamu, meno tu, moyoni nasema laiti ungejua dada, laiti ungejua mimi sijazimwa hata siku moja, meza yangu haijafagiwa tangu tumzike mama... yaani tangu umzike. Wewe umzike. Mimi sikuwepo.

Na hilo linarudi palepale, halina hodi, karibu na mashine ya kuchapia inayotapika karatasi na feni inayozungusha joto, mimi niko tena stendi ya mabasi, nimeketi kwenye benchi la muuza chai, nakunywa chai ya rangi, taratibu, napuliza, kwa sababu ninao muda. Ujumbe ulisema mazishi kesho saa 8. Maneno hayo tu, mazishi kesho saa 8, hata pole hakuna, hata mdogo wangu hakuna, na dada si mtu wa kuandika, dada ni mtu wa kutuma sauti, atakutumia sauti ndefu kukuuliza kama umepata sabuni, lakini siku mama amekufa ananiandikia kama mgonjwa asiyemjua, nikasema sawa, hata sauti yake ananinyima. Nikahesabu, mazishi saa nane mchana, nikipanda basi la alfajiri nafika adhuhuri, nakuwa na nafasi ya kunawa uso, nikafika, nikanawa, nikabadilisha viatu, nikanywa chai. Chai! Kila nikikumbuka ile chai natamani kuitapika. Simu imekufa chaji njiani, wala sikuhangaika, nitahangaikia nini na muda ninao, nikachukua pikipiki hadi makaburini, nikakuta watu watatu wanakusanya makoleo, udongo umeshalowa maji, umeshaanza kukauka juu, nikauliza mama fulani anazikwa wapi, mmoja akanionyesha kwa kidevu, pale, tangu asubuhi. Nikaenda nyumbani kwa miguu, sijui kwa nini kwa miguu, dada yuko mlangoni, kanga kichwani, macho yamevimba, akanitazama kuanzia viatu, akasema umechelewa. Neno moja. Kwa sauti ya kukwaruza, kama ya mtu anayemfukuza kuku. Na mimi, mbele ya mashangazi na majirani na watu wanaotafuna, nikasema nimechelewa, nikaingia ndani, na sijalisema tena jambo hilo kwa mtu, wala yeye hajalisema, tunaulizana habari za watoto, mvua, bei ya vitunguu. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, amebadilisha saa bila kuniambia, ametaka amzike mama peke yake kwa sababu ndiye aliyemuuguza, mimi niliyekuwa mbali sina haki hata ya konzi ya udongo. Shangazi alinivuta pembeni siku ile, akasema dada yako aliwazuia watu, alisimama mbele ya jeneza akanyoosha mikono, akasema subirini, mdogo wangu yuko njiani, wakasubiri mpaka wachimbaji wakaanza kununa, na mimi nikamtazama shangazi nikaona anapaka asali, mashangazi kazi yao ni hiyo. Halafu akaniambia ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, nikamjibu shangazi mimi jembe sina.

Dada zangu, anasema muuzaji, mnafikiria? Mfikirie tu, kumbukumbu si ya kukurupukia. Huyu naye anasema mambo makubwa bila kujua. Natazama vibao na kusema kweli nashikwa na udadisi wa kitoto, ningependa kujua kama kibao kinajua kuwa kimesahau, kama pale umeme unaporudi kinashtuka hivi, kinajiuliza nilikuwa nafanya nini, au kinaanza tu upya bila kinyongo, salama salimini, habari za asubuhi... na ningependa kujua zaidi kilichomo kwenye kichwa hiki hapa kuliani kwangu, chini ya hicho kilemba cha zambarau, siku ile kwake imekaaje, ameiweka kabatini au iko mezani, au umeme ulikatika akasahau, mwenye kisu husahau, mwenye kovu hasahau, ndivyo wasemavyo... lakini kwa nini basi ameniita? Ana rafiki zake, ana binti wa jirani anayejua kompyuta, kwa nini alinipigia akasema Kitinda, njoo tufanye kazi, nataka kazi ya mikono na mtu wangu. Mtu wangu. Nilirudia neno hilo siku nzima nikilitafuta sumu, sikuiona.

Basi nane, dada anasema, au we unaonaje, na muuzaji anasema nane kwa nembo moja moja itaenda, ila mkitaka kufungua nembo, na orodha ya nyuzi, na picha ya mteja, vyote pamoja, itaganda, na vyovyote mtakavyoamua gari letu litawaletea kesho asubuhi saa mbili, awepo mtu wa kufungua mlango. Saa mbili asubuhi, dada anasema, vizuri, ngoja nimwambie na yule fundi umeme aje saa hiyohiyo atuwekee soketi, safari hii asinifanyie uhuni wake, maana wiki iliyopita nimemwita asubuhi kaja mchana, jua linawaka, na anaapa hakukosea, nikampasha, mafundi nyinyi mmezaliwa kuchelewa. Anatoa simu, miwani inashuka hadi ncha ya pua, anaishika simu mbali kama inanuka, anaandika kwa kidole gumba kimoja, na huku anaandika anajisomea kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza, fundi... njoo... kesho... saa... mbili... na mimi, kwa umbea tu, Mungu anisamehe, kwa kuwa niko karibu na nina macho, nachungulia bega lake, na kwenye kioo cha simu, chini ya kidole kile kile kinachotamka mbili, imesimama 8.

Subiri. Saa mbili, mdomo unasema, saa mbili, na kidole kinaandika 8. Wala hakutetereka. Wala hakuona. Ukutani pale juu ya muuzaji kuna saa kubwa ya namba nyeusi, na mshale mfupi saa mbili asubuhi hukaa wapi, si hukaa kwenye nane, na hospitalini pale dirishani, juu ya kichwa chake, saa ilikuwa kama hii, na vile vikadi alivyokuwa akigawa miaka yote, kesho 9, Jumanne 10, vilikuwa vya namba za ukutani, za madaktari na kompyuta zao, mdomo unamwambia mgonjwa saa tatu mkono unaandika 9, na mgonjwa anaelewa kwa sababu amesikia kwa masikio... amesikia. Mimi sikusikia. Mimi nilisoma tu. Na kwetu sisi wengine, nani anaandika hivyo, ukiandika 8 ni saa nane, jua kichwani, nani asiyejua. Ee Mungu wangu. Mazishi kesho saa 8. Saa mbili asubuhi. Aliniambia! Aliniambia saa ileile, hakubadilisha kitu, na ningepanda basi la jioni ile ningefika, ningesimama pale, na yeye akasimama kweli mbele ya jeneza akanyoosha mikono, shangazi hakupaka asali, akasema yuko njiani, akitazama barabara, nimemwambia saa, anaijua saa, na dakika zinakwenda na watu wananuna, na mimi... mimi nilikuwa bado kwenye basi, na jeneza limeshashuka, na nikafika mchana na viatu nimebadilisha, uso nimenawa, mdomo unanukia tangawizi. Alinitazama kuanzia viatu! Viatu vilikuwa safi. Alikuwa akiwaza nini, dada yangu, miaka yote hii, kwamba mdogo wake alipewa saa ya kumzika mama akaamua kwanza kujipamba? Na bado ameniita mtu wangu? Na ile sauti... ile ya kukwaruza, ya kumfukuzia kuku... ilikuwa imekauka. Alikuwa amelia sauti ikaisha. Ndiyo maana aliandika. Mtu wa kutuma sauti hakuwa na sauti ya kutuma, akaandika maneno manne, yakamshinda hata hayo.

Na maskini fundi umeme wa watu.

Mbona unanitazama hivyo, anasema dada, una nini, umepauka, umekula kweli asubuhi? Kidole gumba kimesimama juu ya kitufe cha kutuma. Nataka kucheka na kulia mbele ya mwanamume mwenye bisibisi, na ile hapana yangu ya pochini naitafuta siioni, macho yangu hayana ugonjwa wowote, hayajawahi kuona vizuri hivi. Naweza kunyamaza. Naweza kufagia meza yangu mwenyewe kimyakimya, nirudi kwangu nimepona, lakini yeye je, yake nani atamfagilia, yeye bado yuko pale barabarani anatazama kama naja. Dada, nasema, na sauti inatoka ndogo, ya mtoto, usimtumie fundi hivyo. Hivyo vipi? Hiyo saa. Iandike kwa maneno. Ananiangalia juu ya miwani, kwani ina nini, si nimeandika, anasema, anarudisha macho kwenye simu, anaisoma, na safari hii anasoma kilichopo, saa nane... na hapo anakoma. Midomo imebaki wazi kidogo. Nauona mkono wenye simu unashuka polepole mpaka kwenye kioo cha kaunta, miwani nayo inateleza, haishiki. Ulisoma nane, anasema, si kwa fundi, ananiambia mimi. Nane mchana, nasema. Nilikuja na basi la alfajiri. Nilifikiri nimewahi, dada. Feni inazunguka, mashine ya kuchapia inatapika karatasi ya mtu mwingine, dada ananishika kiganja, anakibana kwa nguvu mpaka pete yake inaniumiza, wala sikitoi.

Kwa hiyo ni nane? anasema muuzaji, kibao kidogo tayari mkononi.

Hapana kaka, nasema, weka kumi na sita. Tuna mengi ya kufungua.