Mistari Minne ya Mzee Tihomir

Hasira zangu ziko karibu, mji mzima wa Sombor unajua, na Jumamosi ile zilifika kabla ya kahawa. Saa sita mchana Mistrija ilikuwa itoe toleo jipya, na kwenye orodha ya majaribio, mashine moja tu ilikuwa nyekundu. Mashine ya Mzee Tihomir!

Mistrija ni chombo chetu cha kujengea programu. Unakipa msimbo, kinakutengenezea programu ya kompyuta ya aina yoyote, bure. Ndani yake tumefungasha maktaba za watu wengine, yaani vipande vya programu vilivyokwisha andikwa, ili mtumiaji asihangaike kuzitafuta. Na kanuni ni moja: aina ya mashine isiyofaulu majaribio kabla ya saa sita ya siku ya toleo inafutwa kwenye orodha.

Ya Mzee ni kuukuu, iko kwenye korido ya nyumba yake. Lakini nyingine kumi na moja za aina hiyo ziko kwenye malango ya mfereji, zinapima maji. Tukiifuta aina hiyo, programu ya kupima haitajengeka tena, na theluji ikiyeyuka watu wa huko chini watayajua mafuriko yakishaingia jikoni. Mzee aliyaendesha malango hayo miaka thelathini. Angekufa kwa uchungu, nami nisingemlaumu.

Siku hiyohiyo ilikuwa slava yake, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wao. Kwenye slava mtu haalikwi, unakwenda tu. Basi mlangoni nikakutana na nani? Nebojša, msimamizi wetu wa matoleo, chupa mkononi.

"Huna haya," nikamwambia. "Unakuja kula kwa mtu utakayemnyonga saa sita?"

"Saa sita bado," akajibu. "Na punguza sauti, Verica, majirani watadhani nyumba inaungua."

Kabla sijamrudishia, Mama Ljubinka, mkewe Mzee, alishatutia kila mmoja kijiko cha ngano tamu mdomoni. Ukitafuna ngano ya slava hugombani.

Ndani wageni walijaa. Mzee Tihomir alikuwa amesimama, tai shingoni, sinia mkononi.

"Mzee, mashine yako imeanguka!"

"Nimeona, binti yangu."

"Basi njoo uketi tuitazame, zimebaki dakika hamsini!"

"Nitaketije? Mwenye slava haketi mpaka mgeni wa mwisho aondoke. Baba yangu hakuketi na mguu mmoja ulikuwa wa mti. Nyie mna makalio ya bure, ketini."

Wageni wakaangua kicheko. Tukaburuta skrini na kibodi za mashine hadi mezani, katikati ya mabakuli ya sarma, nyama iliyoviringwa kwa majani ya kabichi, nikakaa mimi. Mzee akawa anagawa chakula, na kila akipita nyuma yangu anatupa amri moja.

"Fungua maktaba ya kubana mafaili. Ile rekodi ya maji ya majaribio inasema ngapi?"

"Sentimita 412."

"Mia nne! Tungekuwa tunaogelea humu. Ni 214." Akampa shangazi mmoja mkate, akarudi. "Maktaba inasoma namba kinyumenyume. Mashine hii huanzia upande mwingine. Lakini mbona hili nililitengeneza miaka saba iliyopita? Mistari minne tu!"

Nebojša akaweka uma chini. "Juzi tumeingiza toleo jipya la maktaba kutoka kwa wenye maktaba. Limefunika nakala yetu, na viraka vyetu vyote, yale marekebisho tuliyoyatia wenyewe, vimepotea. Ndiyo maana kila kiraka huandikwa kwenye folda ya viraka, kirudishwe baadaye. Cha Mzee hakimo. Nani alikibandika bila kukiandika?"

"Mpumbavu!" nikasema. "Angekuwa hapa ningemmwagia supu kichwani!"

Nebojša akapekua kumbukumbu za mabadiliko kwenye kompyuta yake ya mapajani. Kisha akanigeuzia skrini polepole. Pale palikuwa na jina langu. Mzee alinitumia mistari ile kwa barua pepe, nikaibandika mwenyewe, na maelezo niliyoandika yalikuwa maneno mawili: usafi mdogo.

"Supu ile pale," akasema Nebojša.

Jamani, niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mzee alinitajia mistari yake minne kwa kichwa, herufi kwa herufi, huku akimmiminia jirani rakija, pombe kali ya matunda, nami nikaandika. Saa tano na dakika thelathini na tano.

"Kujenga Mistrija yote hapa ni saa nzima," nikasema. "Tumekwisha."

"Nani kakwambia ujenge yote?" Nebojša akasogeza kiti. "Kanuni inadai majaribio. Jenga maktaba hii peke yake, uendeshe majaribio yake. Haya, sogea! Mzee wa watu kavimba miguu kwa kutuhudumia, nasi tunaleta uvivu?"

Nilitaka kumbusu, shetani yule. Mashine ikaanza kunguruma koridoni. Wageni wakaacha kula, wakajazana nyuma yetu wakihesabu kwa sauti majaribio yaliyofaulu, pamoja na shangazi asiyejua kompyuta ni nini. Thelathini na nane! Thelathini na tisa! Arobaini! Saa sita kasoro dakika tatu, kijani tupu. Nyumba ikalipuka kwa vifijo, mtu akavunja glasi, Nebojša akabonyeza, toleo likatoka na mashine ya Mzee ikiwemo.

Sikuinuka. Niliandika kiraka kwenye folda, nikakituma na kwa wenye maktaba, kisipotee tena. Penye mtengenezaji nikaandika: Tihomir Stojkov. Penye maelezo: kilipotezwa na Verica.

Mzee aliinama nyuma yangu akasoma, akasoma tena. Akaweka sinia mezani.

"Kila toleo nilikuwa natafuta jina langu kwenye orodha ya watengenezaji," akasema. "Miaka saba. Nikadhani mmeona kazi yangu si kitu."

Nikainuka nikamsogezea kiti changu. Alikitazama, akatikisa kichwa, kisha akachukua bakuli la supu, akaja nalo moja kwa moja kwangu. Nilifumba macho.

"Kula, binti yangu," akasema. "Inapoa."